Je, Thamostati ya Baridi Ndiyo Dawa ya Gari Linalochemsha?

Msimu wa joto umekwishaingia, na pamoja nao zimeingia safari ambazo jamaa zetu wengi hapa Maskati huzingojea mwaka mzima. Kuanzia tarehe 21 Juni hadi tarehe 21 Septemba ni majira ya kharifu huko Salalah, na familia kwa familia hupakia watoto, mikeka na mabirika, zikashika njia ya Nizwa, Adam na Haima kulivuka jangwa. Ni mwendo wa takriban kilomita 1,000. Kabla ya kuondoka, gari hupelekwa gereji likatazamwe, na huko gereji, aghalabu mwenye gari hupewa ushauri huu: "Toa thamostati iliyokuja na gari, utie ya baridi, na injini haitachemsha tena."

Wasomaji zaidi ya mmoja wametuuliza kama ushauri huo ni wa kweli. Swali lenyewe si dogo. Kwa wengi wetu gari ndiyo mali yenye thamani kuliko zote tulizo nazo katika nchi hii, na kwa baadhi ya ndugu zetu, hasa wale wanaochukua wanafunzi asubuhi na mchana, gari ndilo linalotia chakula mezani. Injini ikiungua katikati ya jangwa, hasara si ya chuma peke yake: wamo watoto na wazee ndani, na kivuli hakuna. Kwa hivyo tumeonelea tulijibu swali hili kwa kirefu kidogo, na tuanze na chombo chenyewe.

KAZI YA THAMOSTATI

Thamostati ni kilango kidogo cha chuma kinachokaa katika njia ya maji baina ya injini na rejeta. Ndani yake mna kikopo cha nta. Injini ikiwa baridi, nta huwa imeganda na kilango kimefungwa, na maji huzunguka ndani ya injini tu, kwa hivyo hupata moto upesi. Yanapofikia joto lililokusudiwa, nta huyeyuka na kutanuka, ikasukuma kipini, na kilango kikafunguka kidogo kidogo. Maji yakipoa, springi hukirudisha kilango mahali pake. Ufundi huu wa nta ulibuniwa na Sergius Vernet huko Marekani katika miaka ya 1930, na hadi leo ndio unaotumika katika magari mengi.

Katika magari mengi ya Kijapani tunayoyaendesha hapa, kilango huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82 za Selsiasi au karibu na hapo. Mengi ya Ulaya na Marekani huanza baina ya nyuzi 88 na 92. Kilango huwa wazi kabisa joto likizidi hapo kwa nyuzi 10 hadi 15. Hiyo inayoitwa thamostati ya baridi huanza kufunguka mapema zaidi, kwenye nyuzi 71 au 76. Tofauti ni hiyo tu, wala haina jingine. Msomaji anayetaka kuhakikisha aitazame thamostati yenyewe: nambari ya joto hupigwa muhuri juu ya chuma chake.

NI SAKAFU, SI DARI

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo wengi wanapoteleza. Thamostati huweka mpaka wa chini wa joto la injini. Mpaka wa juu haiuweki. Inaihakikishia injini kwamba haitakuwa baridi kupita kiasi. Ikisha kufunguka yote, kazi yake imekwisha. Tangu hapo, joto lipande au lishuke, huwa ni shauri la rejeta, feni, pampu ya maji na upepo unaopita.

Tuchukue magari mawili yaliyo sawa kwa kila kitu, moja lina thamostati ya nyuzi 82 na jingine lina ya nyuzi 71. Yote mawili yanapanda mlima, na maji yake yamefika nyuzi 105. Thamostati zote mbili zimekwisha kufunguka hadi mwisho, na kiasi cha maji kinachopita ni kile kile. Gari la pili halina faida yoyote juu ya la kwanza. Haki ya kusemwa ni kwamba lilianza mlima likiwa baridi kidogo, kwa hivyo litachelewa dakika chache kufika pale mwenzake alipofika. Lakini ikiwa rejeta imeziba, litafika tu.

HESABU YA REJETA

Sisi tuliowahi kufundisha somo la joto darasani tunaijua kanuni moja nyepesi: kitu cha moto hutoa joto kwa kadiri kinavyopishana na hewa inayokizunguka. Tufanye hewa ya nje ni nyuzi 45, jambo ambalo si geni hapa. Maji ya rejeta yakiwa nyuzi 95, tofauti ni 50. Yakiwa nyuzi 75, tofauti ni 30 tu. Maana yake ni kwamba rejeta ile ile, kwa upepo ule ule, kwenye nyuzi 75 itaweza kutoa joto sehemu tatu tu katika tano za lile inaloweza kulitoa kwenye nyuzi 95.

Basi mtu akiwa njiani kuelekea Haima saa nane mchana, gari limejaa na kiyoyozi kinafanya kazi, rejeta haina namna ya kuyashikilia maji kwenye nyuzi 75, hata kilango kiwe wazi namna gani. Tena hewa yenyewe haiifikii rejeta ikiwa nyuzi 45, kwa sababu imekwisha kupashwa moto na kipozeo cha kiyoyozi kinachokaa mbele yake. Joto la maji litapanda mpaka lifike pale rejeta inapoweza kulimudu, na hapo ndipo litakapotulia.

Wala usiku si kinga siku zote. Huko Quriyat, tarehe 26 Juni 2018, ilipimwa kwamba kwa muda wa saa 24 joto la hewa halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Kwa hali kama hiyo, aliyeondoka usiku ili kulinusuru gari hakupata nafuu aliyoitarajia.

Isitoshe, nyuzi 95 au hata 100 si maradhi kwa injini. Maji yaliyomo ndani yamefungiwa kwa shinikizo. Mfuniko wa kawaida wa rejeta huzuia takriban baa 0.9, na kwa shinikizo hilo hata maji matupu hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 119. Yaliyochanganywa na kulanti huvuka hapo. Ndiyo maana mfuniko uliochakaa, ambao bei yake ni ndogo mno, unaweza kulichemsha gari ambalo halina ila nyingine.

HASARA ISIYOPIGA KELELE

Pengine msomaji atasema: "Haya, haifai kitu, lakini inadhuru nini?" Inadhuru, ila polepole, na bandubandu humaliza gogo.

Injini za siku hizi zina kompyuta inayopima joto la maji kila wakati. Maji yakiwa chini ya kiwango, kompyuta hudhani injini bado inapata moto, ikaongeza petroli. Petroli ya ziada humaliza tangi, na pia huisafisha oili kwenye kuta za silinda, zikasagika. Katika magari mengine taa ya injini huwaka, na ikisomwa hutoa alama ya P0128, ambayo maana yake ni kwamba maji hayafikii joto linalopasa. Hali kadhalika, unyevu unaoingia ndani ya oili huhitaji moto wa kutosha ili utoke kwa mvuke. Usipotoka, hubakia humo, ukazaa tope na asidi. Hasara hii humpata zaidi yule wa safari fupi fupi za shule na soko, hasa miezi ya Disemba na Januari.

Liko pia jambo la feni. Feni ya umeme huamriwa na sensa yake au na kompyuta, na kwa magari mengi huwaka maji yanapokaribia nyuzi 95 au kupita kidogo. Thamostati ya baridi haiibadilishi amri hiyo. Gari likisimama kwenye foleni ya Ruwi, maji yatapanda vile vile mpaka feni iitwe.

DESTURI ILITOKA WAPI

Hatusemi mafundi wanadanganya. Ushauri huu una asili yake. Zamani, katika nchi za baridi, maji ya rejeta yalichanganywa na spiriti ili yasigande, na kwa kuwa spiriti huchemka upesi, thamostati za joto la chini zilihitajika. Kisha ikaja mifuniko ya shinikizo na kulanti za kisasa, sababu ikaondoka, desturi ikabaki.

Na sisi tuliokulia pwani ya Afrika ya Mashariki tunawakumbuka mafundi wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, ambao thamostati ikiwasumbua kidogo tu waliing'oa na kuitupa. Kwa malori ya enzi hizo pengine haikuleta msiba. Lakini injini nyingi za leo zina njia ya pili ya maji, ambayo thamostati huiziba inapofunguka. Ukiing'oa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huirudia injini bila kupitia katika rejeta. Aliyeing'oa ili apate baridi huenda akapata moto zaidi.

NANI INAMFAA?

Wapo ambao thamostati ya baridi inawafaa. Ni wenye magari ya mashindano, au yaliyoongezwa nguvu kwa taabo, ambao wanaogopa petroli kulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Hao hubadilisha pamoja nayo rejeta, amri ya feni na hesabu za kompyuta. Yeye anayebadilisha thamostati peke yake, katika gari la familia, amechukua kipande kimoja cha kazi ya vipande vinne. Kwa magari mapya ambayo thamostati yake huamriwa na kompyuta, tena yamekusudiwa kukimbia kwenye nyuzi 100 na zaidi, jambo hili lisifikiriwe kabisa.

BASI TUFANYE NINI?

Gari lililo zima limeundwa liweze kustahimili joto hili. Likichemsha, lina maradhi, na maradhi hutafutwa. Mficha maradhi kifo humfichua. Kabla ya safari tunashauri yafuatayo, kwa utaratibu huu, tukianzia kwenye yaliyo rahisi:

1. Tazama kiasi cha maji asubuhi, injini ikiwa baridi. Yakipungua kila wiki, yanavuja mahali, patafutwe.

2. Badilisha mfuniko wa rejeta ikiwa mpira wake umekauka au umepasuka. Nunua wenye shinikizo lile lile lililoandikwa juu ya ule wa zamani.

3. Osha rejeta kwa nje, kutoka upande wa injini kuelekea mbele, kwa maji yasiyo na kasi kubwa. Vumbi na wadudu huziba matundu.

4. Hakikisha feni inafanya kazi. Katika magari mengi makubwa ya milimani, feni huzungushwa kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Ikichakaa, feni huzunguka kwa uvivu hata injini iwe na moto.

5. Tumia kulanti na maji yaliyotoneshwa. Maji ya kisima yana chokaa, na chokaa huganda ndani ya rejeta kama inavyoganda ndani ya birika.

6. Kagua mipira ya maji, mkanda na pampu.

7. Mwisho, ipime thamostati. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uwashe moto. Ikianza kufunguka karibu na nambari yake, ni nzima. Ikikataa, nunua mpya yenye nambari ile ile.

Gari likichemsha baada ya yote haya, fundi apime gasketi ya silinda hedi. Huo si ugonjwa wa kuahirishwa hadi mrudi Salalah.

Na njiani, tusiitegemee mno geji ya joto. Katika magari mengi sindano yake hutulia katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, na ikianza kusogea mambo huwa yamekwisha kuharibika. Mahali pa kutahadhari zaidi ni kwenye miinuko ya mwendo mdogo: njia ya Jabal Akhdar kutoka Birkat al-Mawz, na ule mlima wa kutoka Salalah kwenda Thumrait wakati wa kurudi, gari likiwa limejaa nazi na ndizi. Sindano ikisogea, zima kiyoyozi, fungua vioo, washa hita hadi mwisho, na usimame mahali pa salama. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka injini ipoe. Mvuke wake huchubua uso na mikono kwa mara moja.

Jibu letu basi kwa waliouliza ni hili: fedha ya thamostati ya baridi itiwe katika mfuniko mpya, kulanti na usafi wa rejeta, na thamostati iachwe ya nambari aliyoichagua mtengenezaji. Tunawatakia wasafiri wote wa kharifu mwendo mwema, na maji ya kunywa ya kutosha garini kwa kila aliyemo.