Watoto Wawili wa Mbwa Nyumbani: Furaha ya Watoto, Kazi ya Wazazi

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya mgeni anayeingia katika nyumba nyingi bila kuandaliwa. Hapa Mutuka, kama katika mitaa mingine ya mji wa Babati, mbwa ni msaada. Hulinda mbuzi na kuku usiku, na hubweka mgeni akikaribia. Jike la jirani likizaa, baba hurudi nyumbani na watoto wawili wa mbwa ili wasiwe wapweke. Watoto hushangilia na kuwapa majina, na tangu jioni ile wanakuwa watu wa nyumbani.

Sisi wauguzi hatuna ugomvi na mbwa. Swali letu ni moja: nani anawalea? Mara nyingi kazi hiyo huachiwa mtoto wa miaka saba. Naye hawezi kununua dawa ya minyoo, wala kukumbuka tarehe ya chanjo.

CHAKULA NA MAHALI PA KULALA

Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki nane. Akifika nyumbani ale kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku. Ugali laini wenye mchuzi wa dagaa au wa nyama unamfaa, na maji safi yasikosekane. Maziwa mengi ya ng'ombe huweza kumharisha. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kumdhuru tumboni.

Wanapokuwa wawili, tumieni vyombo viwili vilivyo mbali. Katika chombo kimoja mwenye nguvu hushiba na mnyonge hudhoofika. Tena hapo ndipo ugomvi huanza, na mtoto mdogo akiingiza mkono kuwaamua huumia yeye. Wafundisheni watoto wasimguse mbwa anapokula au anapolala.

Mbwa wawe na banda lao, kavu na safi. Wakilala jikoni au kitandani huleta viroboto, na hata funza. Kupe waondolewe kwa dawa atakayoelekeza mtaalamu wa mifugo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ikikadiriwa kwa macho yaweza kumuua mtoto wa mbwa, na kumdhuru mtoto wako anayemwogesha.

MINYOO ISIYOONEKANA

Watoto wengi wa mbwa huzaliwa wakiwa tayari na minyoo waliyoipata kwa mama yao. Mayai yake hutoka na kinyesi na kukaa udongoni kwa muda mrefu. Mtoto atambaaye, au yule achezaye na udongo kisha akala bila kunawa, huyameza. Minyoo hiyo ikiwa ndani ya mwili wa binadamu hutangatanga, huingia katika ini na mapafu, na mara nyingine jicho, hata kuharibu uwezo wa kuona.

Iko pia minyoo tegu midogo ambayo mbwa huipata kwa kula maini na mapafu mabichi ya mbuzi au kondoo. Mayai yake yakimwingia binadamu huota uvimbe wenye maji, hasa kwenye ini, nao huweza kukua kwa miaka bila maumivu. Kwa hiyo siku ya kuchinja, viungo vyenye uvimbe visitupiwe mbwa. Vichomwe moto au vifukiwe shimo refu.

Kinga yake si ya gharama kubwa. Mbwa wapewe dawa ya minyoo tangu wiki ya pili, warudie kila baada ya wiki mbili hadi miezi mitatu, na baadaye kila miezi mitatu. Kinyesi kizolewe kila siku kifukiwe. Watoto wanawe mikono kwa sabuni, na mbwa wasilambe uso wa mtoto wala sahani za chakula.

KICHAA CHA MBWA

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa hukipata kwa mbwa, na kwamba kati ya wanaokufa, kama asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara ni kifo.

Wazazi wengine hutuambia: "Huyu ni mdogo, tena ni wa kwetu, hana kichaa." Udogo si kinga. Mbwa mgeni akipita usiku na kumng'ata mmoja wa wale wawili, virusi vyaweza kukaa mwilini mwake wiki au miezi kabla ya dalili kuonekana. Tena hao wawili hucheza kwa kung'atana. Basi mmoja akishambuliwa, mwiteni mtaalamu wa mifugo awaangalie wote.

Mbwa mwenye kichaa hubadili tabia. Mwingine huwa mkali, hung'ata miti na mawe, hutokwa na udenda na sauti yake hukwaruza. Mwingine hunyamaza, hujificha gizani, taya hulegea na hawezi kumeza. Huyu ni wa hatari sana, maana watu hudhani amekwama mfupa, wakamtia mkono kinywani. Msifanye hivyo.

Chanjo hutolewa mbwa anapofikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Chanjo ya mitaani ikitangazwa, wapelekeni wote wawili hata kama ni wadogo zaidi, mtaalamu ataamua. Katika wilaya ya Serengeti, mbwa wa vijijini wamekuwa wakichanjwa kwa miaka mingi. Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

MTOTO AKING'ATWA

1. Osheni jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Hata mkwaruzo mdogo, au mate ya mbwa yaliyogusa kidonda, ni hivyo hivyo.

2. Msipake pilipili, majani, oili wala maji ya betri.

3. Nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Sindano huanza mara moja, kisha hurudiwa siku ya tatu na ya saba, na mara nyingine ya kumi na nne. Msikatishe hata kidonda kikipona. Zamani sindano hizi zilichomwa tumboni. Siku hizi huchomwa mkononi, au pajani kwa watoto wadogo.

4. Mbwa asiuawe kwa hasira. Ikiwa yawezekana bila hatari, afungwe na aangaliwe siku 10, na mtaalamu wa mifugo apewe habari. Mtoto asisubiri siku hizo kupita ndipo aanze sindano.

Kinga hii si jambo geni. Tarehe 6 Julai 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alimwanzishia chanjo Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyekuwa amejeruhiwa na mbwa mwenye kichaa, akapona.

Kuna watoto wanaoficha jeraha kwa kuogopa kuchapwa kwa sababu walimchokoza mbwa. Wazazi, tangazeni nyumbani leo kwamba anayesema ameng'atwa hatapigwa. Na atakapolia kwa kuoshwa kidonda au kuchomwa sindano, kumbukeni wahenga: mchelea mwana kulia hulia yeye.

Mwisho, gharama ya mbwa wawili ni ya wawili: dawa mbili, chanjo mbili, sahani mbili. Mwenye uwezo wa mmoja achukue mmoja. Na ambao tayari mnao wawili, angalieni kadi zao jioni hii. Kama hakuna kadi, kesho asubuhi mtafuteni afisa mifugo wa kata.