Nani Huingia Nasi Kupiga Kura?

Sheria yetu yasema kura ni siri. Mpiga kura husimama peke yake kwenye kile kibanda cha kadibodi, akatia alama apendapo, akakunja karatasi na kuitumbukiza sandukuni. Je, huwa peke yake kweli? La hasha! Ukichunguza utamkuta na baba yake, wazee wa ukoo, mhubiri wake, na hata yule jamaa aliyegawa leso na unga juzi sokoni. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi umati huo unavyopenya mle ndani.

Wazazi wetu wanakumbuka wakati ambapo umati haukuwa na haja ya kupenya. Mnamo 1988, uteuzi wa wagombea ubunge wa KANU, chama cha pekee nchini wakati huo, ulifanywa kwa mlolongo. Watu walipanga foleni peupe nyuma ya mgombea wao, wakahesabiwa vichwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja bila kura ya siri. Hebu jiweke pale: chifu anakutazama, mwajiri wako anakutazama, na baba mkwe amesimama foleni ile nyingine. Utasimama wapi? Palizuka malalamiko mengi, hata ikadaiwa kuwa foleni fupi zilitangazwa kuzishinda ndefu, na mtindo huo ukaachwa. Kwa maoni yangu, mlolongo ulitoka uwanjani tu ukahamia vichwani mwetu.

Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ulilionyesha jambo hilo wazi. Rais Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura, kwa kuwa zilizobaki ziligawanywa hasa na Matiba, Kibaki na Oginga Odinga, kila mmoja na ngome yake. Watu walimtafuta "mtu wetu". Wengi husema huo ni ujinga, lakini mimi siafiki. Mwananchi aliyeona barabara, maji na kazi vikienda kwa wenye mtu wao serikalini ana sababu ya kumtaka wake. Hesabu yake si mbaya. Ubaya ni kwamba mtu wetu akishakula, sisi hubaki tukimeza mate.

Wala damu haishindi kila mara. Mwaka 2022, wapiga kura wengi wa eneo la Mlima Kenya walikataa ushauri wa Rais Uhuru Kenyatta, aliye mwenyeji wa huko, wa kumchagua Raila Odinga. Walimpigia William Ruto, aliyejinadi kuwa mtetezi wa mahasla, yaani wachuuzi, watu wa bodaboda na wenzao. Mara hiyo mfuko ulisema kwa sauti kuliko ukoo.

Kuna mahali ambapo ukoo huamua hata kabla ya kampeni. Kaunti ya Mandera, wazee wa koo hukaa kitako wakagawana viti: ugavana huku, useneta kule. Wanaoutetea mpango huo husema unazuia umwagikaji wa damu, na kwa eneo lililoshuhudia mapigano ya koo hiyo si hoja ndogo. Lakini kijana na mwanamke wataingilia mlango gani, ikiwa kikao ni cha wazee wa kiume? Halafu wazee nao hugonga mwamba. Mwaka 2017 baraza la wazee wa Garre lilimtaka Gavana Ali Roba aachie mwingine kiti. Alikataa, akagombea, akashinda!

Hapo kwa wanawake nataka kukaa kidogo, maana linatuhusu nyumbani. Shangazi yangu aliwahi kuwania kiti cha wadi. Kijijini kwetu wazee walimwambia, "Mwanetu, wewe umeolewa. Nenda ukaombe kura kwa mumeo." Alipokwenda huko akaambiwa, "Huyu tumemwoa tu, si wa hapa." Jamani, mtu awe wa wapi? Ni mwaka 2017 tu ndipo wanawake wa kwanza walipochaguliwa kuwa magavana: Laboso kule Bomet, Ngilu kule Kitui na Waiguru kule Kirinyaga. Mwaka 2022 walifika saba, kati ya kaunti 47.

Shangazi hakurudi nyuma. Aligombea papa hapa kwetu, ingawa wazee walikuwa wameshampitisha mwanamume mmoja wa ukoo. Siku ya kura, Nyanya, aliyemzaa, alihitaji msaidizi kwa sababu hajui kusoma. Sheria humruhusu mtu kama yeye kumchagua wa kumsaidia. Baba mdogo, aliyekuwa upande wa wazee, tayari alikuwa amevaa koti amsindikize. Nyanya akamwambia avue, akamwita dada yangu mkubwa, ambaye wakati huo ndiyo kwanza alikuwa amepata kitambulisho.

Shangazi alishindwa kwa kura chache. Jioni ile nyumba nzima ilimzunguka Nyanya: Baba mdogo anataka kujua, Shangazi mwenyewe anataka kujua. Nyanya akauliza kama chai imeiva. Nimemsihi dada yangu mara nyingi aniambie alitia alama wapi, na mpaka leo hajasema.