Kupanga Safari ya Jamaa Kwenda Kutazama Wanyama Kusini ya Afrika

Wanachama kadhaa wametuuliza kama yawezekana mkulima wa karafuu kuichukua jamaa yake kwenda kutazama wanyama katika nchi za kusini ya Afrika, na kama yawezekana, aanzie wapi. Jawabu letu ni kwamba yawezekana, lakini fedha ya msimu mzima yaweza kuishia barabarani kabla mtoto hajamwona simba hata mmoja. Aghalabu linaloharibu safari hizi si bei ya tikiti, bali ni tamaa ya kuona kila kitu kwa mara moja.

Mtu hukunjua ramani akaona Etosha iko hapa, Chobe iko pale, maporomoko ya mto Zambezi yako kando yake, na Kruger nayo si mbali. Lakini ramani ni karatasi. Kutoka Windhoek hadi Etosha ni zaidi ya kilomita 400, na kutoka Johannesburg hadi Kasane, mlangoni mwa Chobe, ni zaidi ya 900. Mwenye siku kumi akitaka kuziunganisha zote, zilizo nyingi zitamwishia ndani ya gari, na watoto nyuma wanagombana. Twashauri nchi moja, mbuga moja, na kambi mbili tu. Kwa jamaa inayokwenda mara ya kwanza sisi twachagua Kruger, katika Afrika ya Kusini.

Wapo watakaosema kwamba Mikumi iko karibu zaidi, na ni kweli. Asiyepata kufika Mikumi na aihesabu hiyo kwanza. Fadhila ya Kruger ni kwamba njia zake kubwa zina lami, mgeni huendesha gari lake mwenyewe la kukodi, na ndani ya kambi mna vibanda vyenye jiko na friji. Baba na mama wenye watoto wanne waweza kukaa chini na kalamu wakajua, kabla ya kutoka nyumbani, safari itawagharimu nini.

Kwanza wafahamu ukubwa wake. Kruger ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1926, na eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 19,000. Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja hazifiki sehemu yake ya saba. Urefu wake, kusini hadi kaskazini, ni yapata kilomita 350. Na ndani yake hakuna mbio: mwisho wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa penye lami, na 40 penye changarawe. Kutoka kambi ya Skukuza hadi Satara ni kilomita 90 na kitu, ambazo kwetu mtu angezihesabu saa moja na nusu. Huko, kwa kusimama kila penye twiga au tembo, asubuhi nzima hupita. Tena malango yana saa zake. Mwezi wa Juni na Julai hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 na nusu jioni, nao huandika 17:30 ubaoni. Anayechelewa hutozwa faini. Kwa hiyo mwenye siku tano na azikae zote upande wa kusini, kwa mfano siku tatu Lower Sabie na mbili Skukuza. Sehemu hiyo ina maji na ina wanyama wengi, na kaskazini itamngoja mwaka mwingine.

Wakati bora ni kiangazi cha huko, tangu Mei hadi Septemba. Majani huwa yamepukutika, maji yamebaki mitoni na mabwawani, na wanyama huja wenyewe kunywa. Kwetu sisi mwezi wa Juni ndio unaofaa zaidi, kwa sababu mwaka wa mazao mema Julai haimaliziki watu hawako juu ya mikarafuu, na hapana mwenye shamba atakayeacha karafuu zake jamvini kwenda kutazama nyati. Maana yake ni kwamba fedha ya safari itoke katika msimu uliopita na iwekwe kando mapema. Wanafunzi wa huko nao hufunga skuli karibu na mwisho wa Juni hadi kati ya Julai, na wakati huo kambi hujaa. Vibanda vya jamaa ni vichache, na wenyeji huviweka miezi mingi mbele. Basi kwanza pata kibanda, ndipo ununue tikiti za ndege. Wengi hufanya kinyume.

Jambo la malaria twataka lisomwe kwa makini. Sisi tuliokua zamani tumeumwa homa hiyo mara nyingi, na miili yetu ikaizoea kidogo. Watoto wetu wa leo si hivyo. Malaria imepungua mno visiwani tangu miaka ya 2000, hata wengi wa watoto wetu hawajapata kuiugua. Mtoto wa namna hiyo akiumwa na mbu mwenye malaria hana kinga yoyote, na baba asiseme, "Sisi ni watu wa pwani, malaria tumeizoea." Kruger ina malaria. Hatari ni ndogo katika miezi ya baridi, nayo huzidi tangu Septemba au Oktoba hadi Mei, wakati wa joto na mvua. Hii ni sababu nyingine ya kupenda Juni. Kabla ya safari mwendee daktari pamoja na watoto, kwa kuwa dawa ya kuzuia hupimwa kwa uzito wa mtoto, nyingine huanzwa kabla ya kuondoka, na zote huendelezwa baada ya kurudi kwa muda atakaosema daktari. Jioni wavae mikono mirefu na wapakwe dawa ya mbu. Na mtu akipata homa baada ya kurudi, hata kama wiki kadhaa zimepita, aende hospitali siku ile ile na aseme alikuwa wapi.

Mwenye mtoto mchanga, au mama mwenye mimba, twaona asiende Kruger. Yeye na aende Pilanesberg, ambako hakuna malaria, nako ni mwendo wa saa mbili au tatu kwa gari kutoka Johannesburg. Ni mbuga ndogo iliyomo ndani ya mduara wa milima ya volkano ya kale sana, na tembo, simba na vifaru wote wamo. Addo, karibu na pwani ya kusini, nako hakuna malaria. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1931 kwa tembo 11 waliosalia, na sasa wamezidi 600.

Ama karatasi, mwenye pasipoti ya Tanzania haombi viza ya Afrika ya Kusini kwa ziara isiyozidi siku 90 kwa mwaka, lakini sheria hizi hubadilika, basi na aulize kabla ya kulipa. Kila mtoto awe na pasipoti yake, na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Mzazi anayesafiri na watoto peke yake achukue barua ya idhini ya mwenziwe. Cheti cha homa ya manjano nacho kiwemo mfukoni, nacho hudumu maisha.

Kuna fedha ambayo wengi huiacha bure. Hifadhi hutoza kila mtu ada ya kila siku, na ada hiyo ina viwango vitatu: cha wenyeji, cha raia wa nchi za SADC, na cha wageni wengine. Tanzania imo katika SADC. Onyesha pasipoti langoni na utaje jambo hilo mwenyewe, maana kiwango chetu ni pungufu sana kuliko cha mgeni wa Ulaya. Watoto wa chini ya miaka 12 hulipa pungufu zaidi.

Kwa chakula hapana shaka. Johannesburg, mitaa ya Fordsburg na Mayfair, yamejaa maduka ya nyama ya halali. Nunua huko, weka katika sanduku la barafu, upike mwenyewe kambini. Kutoka Johannesburg hadi malango ya kusini ni mwendo wa saa tano hivi, na magari hupita kushoto kama kwetu.

Wenye watoto wa chini ya miaka 6 wajue kwamba hawaruhusiwi katika magari ya wazi ya askari wa hifadhi, na matembezi ya miguu ni kwa waliotimia 12. Mtu asije akamwahidi mtoto jambo atakalokataliwa mbele ya macho yake. Wakubwa watakaopanda magari hayo alfajiri wachukue makoti, tena mazito. Usiku wa Juni baridi hushuka chini ya digrii 10, na mtu wa kisiwani hapati kuijua baridi hiyo mpaka imemwingia.

Atakayebakiwa na siku, tena asiyechoka, aweza kushuka Durban. Kuanzia mwaka 1873 waliletwa huko watu walioachwa huru kutoka katika majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua, na kwa kuwa walipitia kwetu wakaitwa Wazanzibari. Walikaa King's Rest, karibu na bahari, na dini yao ya Kiislamu wakaishika, mpaka sheria ya ubaguzi ilipowahamisha miaka ya 1960 kwenda Chatsworth. Vizazi vyao wangalipo huko, na jina hilo bado wanalo.