Mtoto Asiyepata Choo: Tusingoje

Mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wengi huona aibu kulitaja, nalo ni kufunga choo. Karibu kila mmoja wetu amewahi kufunga choo siku mbili tatu. Tukila mboga na matunda na kunywa maji ya kutosha, mara nyingi tumbo hulegea na shida huisha. Lakini wako watoto ambao hata papai haliwasaidii, kwa sababu kasoro haiko katika chakula. Iko ndani ya utumbo wenyewe, na wamezaliwa nayo.

UTUMBO HUSUKUMAJE CHOO?

Ukuta wa utumbo una misuli, na katikati ya misuli hiyo zimetandaa chembe ndogo za neva. Hizo ndizo zinazoiamuru misuli: sehemu hii ibane, ile inayofuata ilegee. Hivyo choo husukumwa mbele kidogo kidogo bila sisi kufikiri.

Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, kati ya juma la 5 na la 12 la mimba, chembe hizi husafiri kutoka upande wa mdomo kuelekea njia ya haja kubwa. Kwa mtoto mmoja hivi katika kila 5,000 wanaozaliwa, chembe hizo hukomea njiani. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana hubaki bila neva, nayo haiwezi kulegea. Hukaa imebana kama mlango uliofungwa. Choo hujaa nyuma yake, na utumbo ulio juu huvimba.

Ugonjwa huu unaitwa Hirschsprung, kwa jina la daktari wa watoto wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliyeueleza mwaka 1886. Yeye aliuona utumbo uliovimba akadhani ndio mgonjwa. Ilichukua miaka mingi kutambua kwamba kile kipande chembamba cha chini, kilichoonekana kizima, ndicho chenye kasoro. Wavulana hupatwa zaidi kuliko wasichana, na watoto wenye hali ya Down pia hupatwa zaidi kuliko wengine. Si laana, si uchawi, wala si kosa la mama.

DALILI ZA KUANGALIA

Mtoto mchanga aliyetimiza miezi hupata choo chake cha kwanza, kile cheusi chenye kunata, ndani ya saa 24. Saa 48 zikipita bila choo, apelekwe hospitali. Dalili nyingine ni hizi:
- tumbo kujaa na kuwa gumu;
- kutapika, hasa matapishi ya kijani;
- kukataa kunyonya na kutoongezeka uzito.

Wengine hugunduliwa baadaye: mtoto mwembamba, tumbo kubwa, aliyefunga choo tangu siku za kwanza za maisha.

Wazazi, jihadharini na jambo moja. Mtoto wa namna hii akianza ghafla kuharisha choo chenye harufu mbaya, au chenye damu, huku ana homa na tumbo limevimba, msifurahi kwamba sasa amefunguka. Utumbo umeambukizwa, na hali hiyo huua upesi. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.

Wala tusimpige mtoto mchanga bomba la mitishamba, sabuni au maji ya kawaida nyumbani. Mambo hayo huunguza au kutoboa utumbo, nayo hupoteza siku ambazo mtoto hana.

MATIBABU YAPO

Hospitalini mtoto hupigwa picha ya eksirei. Kisha hukatwa kipande kidogo sana cha nyama ya mwisho wa utumbo, kikatazamwa kwa hadubini kama kina chembe za neva. Zikikosekana, tiba ni upasuaji: sehemu isiyo na neva huondolewa, na utumbo mzima huvutwa chini na kuunganishwa. Orvar Swenson na Alexander Bill walieleza upasuaji huo huko Boston, Marekani, mwaka 1948.

Mara nyingine daktari hutoboa kwanza tundu la muda tumboni ili choo kitokee hapo. Tundu hilo si la kumfichia mtoto ndani. Linampa nafasi ya kupona na kunenepa kabla ya upasuaji mkubwa. Baadaye wengi huishi vizuri, ingawa wengine huendelea kufunga choo au kujichafua, nao wahitaji kliniki na uvumilivu wa wazazi.

NA SISI WATU WAZIMA?

Neva za utumbo zaweza kuharibika ukubwani pia, kwa mfano kutokana na kisukari cha muda mrefu. Mtu mzima aliyebadilika choo ghafla, anayetoa damu au anayekonda bila sababu, asiridhike na dawa za kuharisha za dukani. Akapimwe.

Kina mama, mkijifungua, ulizeni: mtoto amepata choo? Na nyinyi kina baba, ulizeni vilevile. Swali hilo dogo laweza kuokoa maisha.