Mwaka huu mnashuka Mombasa na watoi? Panga safari kwa kipimo cha mdogo zaidi

DESEMBA ikianza tu kunukia, swali ni lile lile kuanzia Umoja Innercore hadi Kayole, kwa kinyozi na kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti: "Mwaka huu mnashuka Mombasa?" Unajibu "tutaona", halafu usiku unafungua simu na kuanza kuangalia picha za wenzako, dafu mkononi, watoto wamevaa miwani ya jua, bahari nyuma yao.

Kama una mtoi wa miaka miwili na mwingine wa mitano, swali hilo lina uzito wake. Safari ya vijana sita ni kuchanga doo, kupanda basi la usiku na kulala popote. Safari ya familia ina nepi, uji, homa ya usiku wa manane na mtu anayelia kwa sababu ndizi yake imevunjika. Halafu kuna Januari, inayokungoja na karo, yunifomu, vitabu na kodi ya nyumba. Wengi huishia kwa njia mbili: wanakopa ili waende kama watu wa kwenye picha, au wanasema likizo ni mambo ya watu wa Kileleshwa na kubaki mtaani.

Kuna njia ya tatu. Panga safari yote kwa kipimo cha yule mdogo zaidi nyumbani. Mtoto wa miaka miwili hajui hoteli ya nyota tano. Anataka maji, mchanga, usingizi wake wa mchana, na nyinyi wazazi mkiwa mmekaa naye bila haraka. Ukipanga kwa mahitaji hayo, utagundua kwamba gharama nyingi ulizokuwa ukiziogopa hazikuwa za mtoto. Zilikuwa za picha.

Chagua mwezi kwanza

Wiki ya Krismasi ndiyo wiki ghali kuliko zote Pwani. Nyumba za kulala hupanda bei, tiketi huisha na bichi hujaa hadi huoni mchanga. Je, ni lazima uende wakati huo? Kama mtoto wako mkubwa bado hajaanza shule, au yuko PP1, wewe bado una uhuru ambao utaupoteza akifika darasa za juu. Unaweza kusafiri Februari au Septemba, wakati wenye vyumba ndio wanaotafuta wateja.

Jua pia pepo za huko. Kuanzia Desemba hadi Machi hivi huvuma kaskazi: bahari hutulia, lakini joto ni kali na mtoto aliyezoea baridi ya Nairobi husumbuka kulala. Kuanzia Aprili hivi huja kusi. Aprili na Mei ni miezi ya mvua za masika. Agosti hewa ni nzuri zaidi kwa mtoto, ingawa bahari huchafuka kidogo na mwani hutupwa ufuoni. Kwa mtu mzima anayetaka kuogelea mbali, huo mwani ni kero. Kwa mtoto wa miaka mitatu ni kitu kipya cha kuchezea.

Na ocha je? Nyanya anataka kuwaona wajukuu Desemba, na ana haki. Mwambieni mapema. Familia inayokwenda baharini Agosti na ocha Krismasi haikosani na mtu.

Treni ipi?

Tangu Mei 31, 2017, Madaraka Express imebadilisha hesabu ya safari hii kwa wenye watoto. Basi hukuchukua saa nane au zaidi, na mtoto hana mahali pa kunyoosha miguu. Kwenye treni kuna choo, kuna nafasi ya kutembea, na kuna dirisha kubwa.

Nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ilipanda kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 mnamo Januari 2024. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hasafiri kwa tiketi ya pesa, na wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipa nusu. Piga hesabu ya watu wanne: wazazi wawili Sh3,000, wa miaka mitano Sh750, wa miaka miwili bure. Kwenda ni Sh3,750, kwenda na kurudi Sh7,500. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa ili umri wa mtoto usiwe mjadala mlangoni. Tiketi unakata kwa *639# au kwenye tovuti ya Kenya Railways na unalipa kwa M-Pesa. Kata za kwenda na kurudi siku moja, mapema, maana karibu na sikukuu ya kurudi ndiyo husumbua.

Kabla ya kulipa, angalia saa ya kufika. Treni ya usiku huvutia kwa sababu unadhani watoto watalala. Ni kweli watalala, lakini inafika Miritini kabla hakujapambazuka, na utakuwa nje na mizigo, mtoto begani, mwenye nyumba bado amelala. Ya alasiri hufika giza limeingia. Ile ya asubuhi husimama njiani, kwa hivyo huchukua kama saa sita, lakini inakufikisha mchana. Na ndiyo inayopita Tsavo kukiwa na mwangaza. Kati ya Mtito Andei na Voi mwambie mtoto atafute ndovu wekundu. Hutamdanganya: udongo wa Tsavo ndio huwapaka rangi hiyo.

Ukitoka Donholm, Umoja au Kayole si lazima uingie tao kwanza. Outering inakushusha upande wa Embakasi hadi Mombasa Road, na Syokimau haiko mbali kutoka hapo. Siku hiyo, na mizigo na watoto, teksi moja ya watu wanne inaweza kukufaa kuliko mathree mbili. Fika zaidi ya saa moja kabla. Kuna ukaguzi, mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, na visu haviruhusiwi. Basi kata matunda nyumbani, uyatie kwenye kopo. Beba uji kwenye flaski, nguo za kubadilisha kwenye mkoba wa juu na leso mbili. Leso hubeba mtoto, humfunika, na hutandikwa ufuoni, kazi ambayo kigari cha mtoto hakiwezi kwenye mchanga.

Nyumba yenye jiko inashinda hoteli

Familia yenye watoto wadogo inahitaji vitu vitano mahali pa kulala: jiko, neti nzima, feni inayofanya kazi, maji ya uhakika na umbali wa kutembea hadi ufuo wa umma. Nyumba ya kupangisha kwa siku chache kule Bamburi inaweza kukupa hivyo vyote. Uliza maswali kabla ya kutuma pesa. Iko orofa ya ngapi? Balkoni ina vyuma? Maji ya bomba ni ya chumvi? Sehemu nyingi za Mombasa maji ya kisima yana chumvi, na uji wa mtoto utaukataa ladha hiyo. Nunua maji ya kunywa na ya kupikia.

Usitume hela yote kwa mtu uliyemwona mtandaoni tu. Mwombe akupigie video akiwa ndani ya nyumba, atoke nje hadi barabarani. Mwenye nyumba kweli hatakataa.

Chakula nacho hakihitaji menyu. Asubuhi ni mahamri na mbaazi. Jioni ni viazi karai na mihogo ya kukaanga kutoka kando ya barabara, na cha mtoto hakikisha hakijapakwa pilipili. Mchana pika wali nyumbani wakati mdogo amelala.

Bahari ina saa zake

Hapa ndipo wengi wa bara hukosea. Maji hujaa na kupwa, na kila badiliko huchukua takriban saa sita. Ufuo uliouona asubuhi sio utakaoukuta mchana. Maji yakiwa yamekupwa, madimbwi madogo hubaki kwenye mchanga, na hayo ndiyo bwawa la mtoto wako. Yakianza kujaa, sogeeni nyuma. Waulize wavuvi au waokoaji saa za maji siku hiyo. Watakuambia bila kuangalia simu.

Nendeni asubuhi hadi saa nne hivi, rudini nyumbani wakati jua ni kali, mtoke tena baada ya saa kumi. Ratiba hiyo inafuata usingizi wa mtoto, na pia inakuokolea pesa, kwa sababu saa za mchana ufuoni ndizo za kununua soda, aiskrimu na kupanda ngamia. Nguo za kuogelea za watoto utazipata Gikomba kabla ya safari.

Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule tunaouita Pirates, ni wa kila mtu na ndiyo maana hujaa. Andika namba yako ya simu kwenye mkono wa mtoto kwa kalamu isiyofutika upesi. Mvike rangi moja ya kung'aa. Na mgawane zamu kwa kutamka: "Sasa ni wewe." Watu wazima wanne wakiwa wamekaa pamoja, kila mmoja hudhani mwenzake anamwangalia mtoto.

Siku moja acheni bahari. Pandeni feri ya Likoni kwa miguu, mvuke na kurudi. Wanaotembea hawalipi, na kwa mtoto wa miaka mitano hiyo ni meli kamili. Epukeni tu saa za watu kwenda na kutoka kazini. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, inatosha kwa asubuhi moja. Na Haller Park, Bamburi, ndiko alikolelewa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akamfanya kobe mzee kuwa mzazi wake. Simulia kisa hicho ndani ya treni. Mtafika mtoto akiwa na hamu tayari.

Mbu wa Pwani si mbu wa Buru

Usiruke sehemu hii. Nairobi iko juu na malaria ni nadra, kwa hivyo mtoto aliyezaliwa na kukulia Eastlands hana kinga ya kuzoea. Pwani malaria ipo. Wiki chache kabla ya kuondoka pitia kliniki, uulize kuhusu kinga inayofaa umri wa mtoto wako. Usimpe dawa ya kubahatisha ya dukani. Huko, neti kila usiku, na mikono mirefu jioni.

Muhimu kuliko yote ni mkirudi. Dalili huweza kuchukua wiki moja, mbili au zaidi kutokea. Mtoto akishikwa na homa mwezi mmoja baada ya safari, usiseme ni mafua ya baridi ya Nairobi. Mpeleke hospitali na umwambie daktari mapema: "Tulikuwa Mombasa." Maneno hayo mawili yanaweza kuharakisha kipimo kinachookoa maisha. Beba kitabu cha kliniki, na uangalie kama malipo yako ya SHA yako sawa kabla ya kuondoka.

Januari ilipwe kwanza

Fanya bahasha mbili. Ya kwanza ni ya Januari: karo, yunifomu, kodi. Hiyo haiguswi. Ya pili ndiyo ya safari. Ukitenga Sh100 kwa siku, kwa siku 300 una Sh30,000. Toa Sh7,500 za treni, toa Sh3,000 za dharura, unabaki na Sh19,500 za malazi, chakula na tuktuk. Hiyo ndiyo inayoamua mtalala siku ngapi. Ikitosha siku tatu, ni siku tatu. Mweke kwenye chama au M-Shwari iliyofungwa, mahali ambapo mkono haufiki Ijumaa jioni. Fuliza haina nafasi kwenye likizo, maana utakuwa unalipia mchanga ambao mtoto ameshausahau.

Na bajeti nyingine ambayo haiandikwi: nani anapumzika? Kama mama atapika, afue, aoge watoto na kufungasha kama alivyofanya Umoja, basi yeye hajaenda likizo, amehamisha kazi. Kabla ya safari gawaneni: baba asubuhi, mama jioni, au siku kwa siku. Mzazi anayelea peke yake naye asione haya kumwomba shangazi au binamu aungane naye na kuchangia nyumba.

Ikiwa mwaka huu bahasha ya pili haijajaa, usivunje ya kwanza. Chukua kipimo kile kile na kifupishe. Kuna Arboretum, kuna msitu wa Karura, kuna Railway Museum kule karibu na stesheni, ambako mtoto ataona yale magari ya moshi ambayo wazee wengi wa Makongeni na Muthurwa waliyafanyia kazi. Beba chapati, maji na leso, uzime data hadi jioni. Halafu kesho yake anza ile Sh100.