Siafu Mlangoni mwa Mzinga

Katika misitu ya miombo iliyo jirani na Runzewe, wilayani Bukombe, warina asali wamezoea tangu kale kutundika mizinga ya magogo juu ya miti. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Juu ya mti mzinga huepukana na nyegere, moto wa nyasi na wadudu watambaao. Mfugaji anapouweka juu ya kichanja nyuma ya nyumba yake, mbali kidogo na watu na mifugo, hupata urahisi wa kuukagua na kuuvuna. Lakini pia huusogeza karibu na adui wa ardhini, yaani chungu.

Chungu wenyewe

Sisimizi huvutwa na asali. Kundi la nyuki lenye nguvu huweza kuwafukuza. Kundi dhaifu husumbuliwa mno. Hatari kubwa zaidi ni siafu, wadudu wa jenasi ya Dorylus. Siafu wafanyakazi hawana macho. Huongozwa na harufu ambayo kila mmoja huiacha njiani, na kwa njia hiyo maelfu kwa maelfu hufuatana katika msafara mmoja. Chakula chao ni wadudu na wanyama wengine, hivyo huwala majana na hata nyuki wenyewe.

Nguvu ya chungu ni umoja wao. Si ajabu kwamba vikundi vya ulinzi wa jadi vilivyoanza upande wa Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 viliitwa Sungusungu, jina la chungu weusi wenye kuuma.

Nyuki wetu wa Afrika huhama upesi wanaposumbuliwa. Huenda mfugaji akaamka asubuhi na kukuta masega matupu. Hapo hakupoteza asali peke yake, bali amepoteza kundi zima.

Kizuizi hufanyaje kazi?

Mguu wa chungu una kucha na kijitakia laini chenye unyevu, ambavyo humwezesha kupanda mahali palipo wima. Grisi humnasa. Majivu makavu hushikamana na kijitakia hicho, naye huteleza. Maji yaliyo katika makopo chini ya miguu ya kichanja humkatia njia.

Hata hivyo, kila kizuizi kina udhaifu wake. Maji hukauka, majivu hulowa mvua, na grisi hufunikwa na vumbi. Aidha, siafu hushikana miili na kujifanya daraja. Yafaa grisi ipakwe ndani ya kopo lililopinduliwa na kufungwa katika kila mguu wa kichanja kama mwavuli. Hapo mvua haiifikii, wala nyuki hawatui juu yake. Oili chafu ya magari haifai: ikimwagika huchafua udongo, na nyuki wanaotafuta maji huzama humo.

Kanuni ni moja: pasiwepo njia nyingine. Unyasi mmoja au tawi moja likigusa mzinga, kazi yote huwa bure. Kwa hiyo hapana budi kufyeka na kukagua kila juma, hasa wakati wa mvua. Dawa ya kuua wadudu isinyunyizwe karibu na mzinga, kwa kuwa haibagui chungu na nyuki, na mabaki yake huweza kuingia katika nta na asali.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wasimamishe vijiti vinne palipo na sisimizi, na juu ya kila kimoja waweke sukari kidogo. Kijiti cha kwanza kipakwe grisi, cha pili kizungushiwe majivu, cha tatu kisimame katika kopo la maji, na cha nne kiachwe vivyo hivyo kwa kulinganisha. Wahesabu sisimizi wanaofika juu kila baada ya dakika 10, kisha wanyunyizie maji kama mvua na kuhesabu tena. Mwishowe waegemeze unyasi mmoja kwenye kila kijiti. Matokeo yataonyesha kizuizi kipi hudumu, na kwa nini hakuna kinachodumu bila ya kuangaliwa.