Sura ya Tano: Maji Yanayopanda Ukutani

Siku hizi nyumba inauzwa kwenye simu. Dalali wa Mbezi au Kigamboni anarusha picha na video fupi, na mnunuzi aliyeko Mwanza au Muscat anaulizia bei kabla hajakanyaga kiwanja. Picha zenyewe zinafanana: paa la kuficha, kuta nyeupe zilizoskimiwa, dari la jipsamu, madirisha ya aluminiamu, pevingi kuanzia barazani hadi getini. Vyote hivyo ni vitu vya miezi miwili ya mwisho ya ujenzi. Kitakachoamua kama utalala kwa raha miaka kumi ijayo kilifanyika mapema zaidi, siku msingi ulipojazwa kifusi, na hakuna dalali anayekipiga picha.

Nilipanga sura hii imfuate mnunuzi hatua kwa hatua: hati, paa, ukuta. Hati ina sura yake, kwa hiyo hapa nasema machache. Muhuri wa serikali ya mtaa unaonyesha kwamba mmeuziana, haukupi miliki. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na mwenye hati ana haki ya kuitumia kwa muda ulioandikwa, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue jina la mmiliki, miaka iliyobaki, na kama benki imeweka rehani. Muuzaji akiwa na mke au mume, usitoe hata shilingi kabla mwenza hajaridhia kwa maandishi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza mtu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na anayekuambia hayo ni mambo yao ya ndani anakutafutia kesi.

Paa la kuficha linapendeza, sikatai. Lakini angalia lilichoondoa. Paa la kawaida lina upenu unaotoka nje ya ukuta na kuyatupa maji mbali. La kuficha limezungushiwa ukuta juu, bati limelala karibu tambarare, na mvua yote ya masika inakusanywa kwenye mfereji uliojificha nyuma ya ukuta huo. Majani ya mwembe yakiziba bomba moja, maji hayana pa kwenda ila ndani. Na kwa kuwa upenu haupo, kuta zinapigwa na mvua kuanzia juu hadi chini. Panda ngazi uone mfereji kwa macho yako, na uliza geji ya bati: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, ingawa wengi wanadhani namba kubwa ndiyo bati nene.

Sasa ukuta, ambao ndio kazi yangu. Inama uutazame kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Rangi imevimba malengelenge. Ukiyabonyeza yanapasuka, na nyuma yake unamwagika unga mweupe uliochanganyika na mchanga wa plasta. Gonga kwa kifundo cha kidole: palipo pazima panatoa sauti nzito, palipoachia panalia utupu. Fundi atakuambia ni fangasi, na duka la pili kutoka hapo linauza dawa yake.

Mara nyingi si fangasi. Kwangua unga huo, utie kwenye glasi ya maji safi, ukoroge. Weupe ukiyeyuka na kubaki mchanga tu, hiyo ni chumvi, na dawa ya kuua fangasi haina la kufanya kwenye chumvi.

Inavyofika pale ni hivi. Tofali la saruji lina vinyweleo vingi mno. Ukilisimamisha kwenye ardhi yenye unyevu, maji yanapanda ndani yake yenyewe, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Yanapanda na chumvi zilizoyeyuka humo, za udongoni, za mchanga uliofyatulia tofali, hata za saruji yenyewe. Yakifika kwenye uso wa ukuta yanakauka na kwenda zake, chumvi inabaki. Inaganda chembechembe ndani ya vinyweleo, chembe zinakua, na nguvu ya kukua kwake inaisukuma plasta mpaka inaachia. Kadiri maji yanavyopanda ndivyo yanavyopata nafasi ya kukauka, ndiyo maana alama haipiti sana mita moja kutoka ardhini. Unyevu ulio juu zaidi, kaulizie kwenye paa au kwenye bomba.

Wengi wanasema ni bahari, kwamba mtu wa Kunduchi hana budi kuvumilia. Basi nendeni Dodoma, kilomita zaidi ya 300 kutoka baharini, mtazame kuta zinavyomenyuka kwa chumvi ya ardhi ya kule. Mchanga wa bahari ni ubaya mwingine, na unakula hata nondo, lakini nyumba haiponi kwa kuwa mbali na ufuko.

Halafu wapo wanaosema nyumba imefanyiwa jambo, au mwenye kiwanja wa zamani amezika kitu kwenye kona. Hapo uvumilivu wangu unaisha. Najua familia zilizoita mtu aje kuzindika nyumba, mbuzi akachinjwa, ukuta ukapakwa upya, na masika iliyofuata alama ikarudi palepale. Itarudi daima, kwa sababu njia ya maji haijafungwa. Gharama ya shughuli ile ingenunua nailoni nzito ya kutandika juu ya msingi wote, na kazi ile ingekwisha kabla jamvi la zege halijamwagwa.

Mtindo wa leo unaongeza tatizo. Ukuta ukianza kuvimba, watu wanauziba: rangi ya mafuta, skimu nyingine, marumaru hadi kiunoni, mawe ya urembo kwa nje. Maji yakinyimwa pa kukaukia hayarudi ardhini. Yanaendelea kupanda hadi yapate upenyo juu ya marumaru, na sasa ugonjwa uko kifuani.

Wazee wa pwani walilielewa hili, na kila nikiwa Mji Mkongwe wa Zanzibar natamani kuwapeleka mafundi wetu wote huko. Kuta za nyumba zile ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, na chini yake hakuna nailoni wala kizuizi chochote. Zinakunywa maji kila masika. Lakini zilipigwa plasta ya chokaa, na chokaa inapitisha mvuke: unyevu unaoingia kwa chini unatoka taratibu kwenye uso mzima wa ukuta, na plasta ikichoka inapakwa tena bila kuuumiza ukuta. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, na vichwa vya boriti hizo vimezikwa ndani ya ukuta. Ikaja saruji. Mwenye nyumba anaona chokaa inapukutika, anaita fundi, fundi anapiga plasta ngumu ya saruji, na kwa mwaka mmoja nyumba inang'aa. Nyuma ya saruji maji yamefungiwa. Yanapanda hadi yanafikia vichwa vya boriti, boriti zinaoza mahali ambapo hakuna jicho linalofika, na sakafu ya ghorofani inaanza kulegea. UNESCO iliuweka mji ule kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na wataalamu wa uhifadhi hawachoki kusihi watu warudi kwenye chokaa. Mfuko wa saruji unapatikana dukani kwa dakika tano, chokaa nzuri inataka kulowekwa na kungojwa, na hapo ndipo wanaposhindwa.

Nyumba ya tofali ya leo haiwezi kuishi kwa chokaa peke yake. Inahitaji kizuizi kati ya msingi na ukuta, nailoni nzito isiyochanika, vipande vikipandana vizuri, na kizuizi hicho kikae angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Hizo sentimita 15 ndizo zinazouawa na pevingi. Nyumba ilijengwa vizuri, imekaa miaka sita bila doa. Mwenyewe anataka kuiuza, anaambiwa pevingi inapandisha bei, anajaza kifusi na mchanga, anapanga vitofali hadi vinagusa ukuta juu ya kizuizi. Mvua ya kwanza inapita pembeni ya nailoni na kuingia ukutani moja kwa moja. Bustani ya maua iliyojazwa udongo hadi kwenye dirisha inafanya vilevile.

Kwa hiyo kagua nyumba Aprili, mvua ikiwa inanyesha, wala si Agosti. Ukilazimika kwenda kiangazi, kata kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande unaogusa ukuta, ukuta una maji; yakiwa upande wa chumbani, ni hewa ya chumba tu, fungua madirisha. Rangi mpya iliyopakwa mita ya chini peke yake, huku juu ni ya zamani, ihesabu kuwa ni kauli ya muuzaji. Kwa boma ambalo halijapigwa plasta una bahati: chungulia kati ya msingi na kozi ya kwanza ya tofali, nailoni inaonekana ukingoni. Isipoonekana, omba ruhusa kuchimbua pembe moja.

Ukiikuta nyumba ina tatizo, usiikimbie. Shusha pevingi iliyo karibu na ukuta, chimba mfereji wenye mteremko wa kutoa maji kiwanjani, bandua plasta iliyooza hadi kwenye tofali, uache ukuta wazi ukauke miezi kadhaa, ukipiga burashi kavu na kuizoa chumvi kila inapochomoza. Fundi anayetaka kupiga plasta wiki hiyohiyo mlipe chake na umruhusu aende. Kuingiza kizuizi kipya kwenye ukuta uliokwisha simama kunawezekana, kipande kwa kipande, lakini ni kazi ya ghali: itafutie makadirio kabla ya kusaini mkataba, uyaweke mezani mnapojadili bei.